Mwanangu yuko bweni, samaki wake wamefia mikononi mwangu. Ijumaa anarudi, nifanyeje?

Mama_Migosi:
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri, na mkinicheka mnicheke polepole.

Kijana wangu ana miaka 15. Alianza na gapi wawili, samaki wadogo wa mapambo, ndani ya mtungi wa peremende. Kufumba na kufumbua, sebule yangu hapa Kisumu ina matangi matatu na runinga imehamia chumbani. Shule zilipofunguliwa alinibandikia karatasi ukutani: lisha kidogo, toa maji robo kila Jumamosi uweke mengine, USIOSHE SPONJI. Hiyo ya mwisho kaiandika kwa herufi kubwa na kuipigia mstari.

Basi mimi nikaiangalia ile sponji ya pampu, imejaa tope jeusi, nikasema hapa ndipo harufu inapotoka. Jumapili nikamwaga maji yote ya tangi la gapi, nikasugua mawe, sponji nikaikamua chini ya mfereji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Maji yaking'aa! Nikajipongeza kwa chai.

Jumatano asubuhi nawakuta wote juu, midomo wazi, kama watu wanaopuliza uji moto. Mpaka sasa wameshakufa 11. Wamebaki gapi sita. Mbali na hao kuna fulu wanne, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, aliopewa na wavuvi wa Dunga. Hao wana tangi lao, nashukuru sikuwa nimelifikia. Lakini hata huko kuna mmoja hajala wiki nzima, taya limevimba. Naona naye ananiaga.

Ijumaa kijana anakuja mapumziko ya katikati ya muhula. Na mjomba wake kamwahidi tangi la futi nne! Nikubali?

Fundi_Vioo:
Pole sana mama. Hilo tope ulilolikamua ndilo lililokuwa likiwaweka hai.

Samaki hutoa amonia ndani ya maji yaleyale anayoyapumua, na amonia humchoma matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Kwenye sponji na mawe huota bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Kundi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Wewe ulilimaliza kwa dakika kumi, na klorini ya mfereji ikakusaidia, maana kuua bakteria ndiyo kazi iliyowekewa.

Leo usiku jaza ndoo mbili za maji, ziache wazi mpaka kesho jioni ili klorini itoke. Toa maji theluthi moja, weka hayo. Rudia kila siku. Usiwalishe kwa siku mbili, hawatakufa njaa, chakula kinaongeza amonia tu. Pampu isizimwe hata usiku. Halafu chukua sponji ya tangi la fulu, ikamulie ndani ya tangi la gapi. Ndiyo, lile tope. Maji yatachafuka saa kadhaa, yaache.

Omena_Mkavu:
Kisumu nzima tunapanga foleni tununue samaki, kumbe kuna nyumba samaki ndio wanaopangiwa ratiba. Hao 11 mlikula na nini?

Mama_Migosi:
@Omena_Mkavu hata kwa kijiko cha uji hawajai. Wamezikwa chini ya mpapai.

@Fundi_Vioo asante. Kukamua tope ndani ya maji safi kumenishinda moyoni lakini nitafanya.

Mwalimu_wa_Bayo:
Mama, ngoja kwanza, huyo fulu wa taya lililovimba. Kidevu kimeshuka kama mfuko? Anatafunatafuna lakini hamezi kitu?

Mama_Migosi:
Ndivyo hasa! Nimwekee chumvi?

Mwalimu_wa_Bayo:
Usimwekee chochote. Huyo haumwi, ana mayai mdomoni. Jike la fulu akishataga huyakusanya kinywani na kukaa nayo wiki mbili tatu bila kula mpaka watoto waweze kuogelea. Usimguse kwa wavu, akishtuka huyatema. Mfunikie tangi upande mmoja kwa kitambaa, apate utulivu.

Na ujue mwanao anafuga kitu cha maana. Sangara, mbuta wetu, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawa anawala fulu, na katika miaka ya 1980 wakapukutika, aina nyingi hazijaonekana tena. Kwa sababu hiyohiyo, gapi wakizidi nyumbani msiwamwage ziwani wala mtaroni. Kitu kigeni kikishaingia humo hakirudi. Wala msiwachanganye na fulu, watakuwa kitoweo.

Fundi_Vioo:
Kuhusu tangi la futi nne: likiwa na upana na kimo cha futi moja na nusu linabeba kama lita 255. Lita moja ni kilo moja, ongeza kioo na mawe, umepita kilo 300. Meza ya runinga hailiwezi. Tengenezeni stendi ya chuma, mliweke karibu na ukuta, na kama mmepanga orofani muulizeni mwenye nyumba kwanza.

Lakini mimi ningekubali. Watu hudhani tangi dogo ndilo rahisi, kumbe kinyume chake: maji yakiwa mengi, kosa moja linachelewa kuwa sumu. Sharti langu ni kwamba kijana afunge mawili kati ya yale matatu. Yeye yuko bweni, mfanyakazi ni wewe.

Kijana_wa_Tangi:
Mama, mimi nina miaka 17 na nafuga. Usinunue wengine ufiche. Sisi huwahesabu. Mwambie ukweli mkiwa steji ya matatu, kabla hajafika mlangoni.

Mama_Migosi:
Duh, nilikuwa nimeshaulizia bei.

Mrejesho, Alhamisi usiku: gapi sita bado wapo, hawapandi juu tena. Tope lilitulia asubuhi. Sasa hivi nimeinua kitambaa nikammulika yule fulu kwa tochi ya simu, akapiga kama mwayo, nikaona vidoti vyeusi vimejaa ndani, viwili viwili. Macho! Nimezima tochi haraka.

Kesho pale steji nitaanza na hao 11, halafu ndiyo nimwambie habari za huyu.