Spika ya kubeba ya gereji: ampli ya gari, bodi ya TPA3116 au ninunue iliyokamilika?

Spana17
Habari za jioni wakuu. Nataka kuunda spika ya kubeba ya gereji, yenye nguvu kweli, kompresa ikiwaka bado muziki usikike. Nimebaki na njia tatu: ampli ya gari pamoja na betri ya gari, hizi bodi ndogo za ampli za TPA3116 na betri za lithiamu, au niachane na ufundi ninunue spika ya magurudumu dukani. Spika ninazo tayari, mbili za inchi 12. Ipi itapiga zaidi? Jumamosi naingia Kariakoo na nataka nirudi na vitu.

BesiNzito
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Bajeti ngapi? Hizo spika ni za omu ngapi, na ni za nyumbani, za disko au za gari? Gereji ina kuta au ni banda? Kubeba ni kubeba mkononi au kupakia kwenye bajaji? Umeme upo au betri ndiyo itafanya kazi kutwa? Jibu haya kwanza, la sivyo kila mtu atakuuzia anachokipenda yeye.

ChumaTupu
Ampli ya gari. Hakuna haja ya mjadala mrefu. Imeundwa kwa volti 12, ndani yake ina sehemu inayopandisha volti kabla ya kupeleka kwenye spika, inavumilia joto na mtikisiko, na fundi wa gari yeyote anajua kuifunga. Weka fyuzi karibu na betri, waya mnene, betri ya N70, kazi imekwisha. Yangu ipo gerejini Mbagala, nimeipeleka hadi kwenye harusi mbili za mtaani.

Spana17
Bajeti ni laki tano, ikizidi kidogo nitajikaza. Gereji ni banda la mabati, pande mbili wazi, ipo Tabata. Umeme upo, ila tunatoka sana kufuata magari yaliyozimika njiani, na Jumapili tunakwenda uwanjani na vijana. Watu wawili wanyanyue, hiyo inatosha. Spika nilipewa na mteja aliyebadilisha muziki kwenye gari lake. Kila moja imeandikwa omu 4, wati 1,200.

DadaVolti
Kaka Spana, kama zimetoka kwenye gari, ni inchi 12 na zimeandikwa wati 1,200, basi hizo ni sabufa. Haziimbi. Utapata besi tu, sauti ya mwimbaji na gitaa hutazisikia mpaka uongeze midi na twita, yaani spika za sauti za kati na za juu.

Na usiongozwe na wati zilizoandikwa nyuma. Swali la kwanza la spika ni inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ukisimama mita moja. Sabufa nyingi za gari zinacheza kwenye 86 hivi, kwa sababu zimeundwa kwa boksi dogo ndani ya gari lililofungwa. Spika ya disko ya inchi 12 inafika 96 au 97. Piga hesabu: kila ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3, ukiongeza mara kumi unapata 10. Kwa hiyo spika ya 97 ukiipa wati 36 inafika kama 112. Sabufa ya 86 ukiipa wati 300 inaishia kama 111. Wati mara nane zaidi, na bado iko nyuma! Kwa anayetumia betri, hapo ndipo pesa yote inapopotelea.

Angalizo jingine: spika za disko nyingi ni omu 8. Nimeshaizingatia hapo juu, hizo wati 36 ndizo ambazo bodi inaweza kutoa kwenye omu 8 ikipewa volti 24.

ChumaTupu
Dada, hesabu za kwenye karatasi haziinui bati. Kwangu bati linatetemeka.

DadaVolti
Bati linatetemeka kwa besi, sikatai. Ila mwambie mtu asimame upande wa barabara, mita ishirini, akueleze anasikia maneno gani. Gereji ya Spana iko wazi pande mbili, besi inatokea huko huko. Ukiwa nje kabisa, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Gari lililofungwa linaisaidia sabufa, banda haliisaidii.

MzeeWaPlaiwudi
Wanangu, mnagombania ampli wakati boksi hamjaligusa. Spika nzuri kwenye boksi bovu ni kelele. Nunua plaiwudi ya milimita 18, shiti moja ya futi 4 kwa 8. Kata maboksi mawili, kila moja upana sentimita 38, kina 34, urefu 55, vipimo vya nje. Ndani unabaki na lita 50 na ushee, spika ya disko ya inchi 12 inapumua vizuri. Shiti hiyo moja inatosha yote mawili na kipande kinabaki cha kutenga chumba cha betri.

Usitumie MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa. Hewa ya Dar ina unyevu, mvua ya masika ikiligusa pembeni linavimba na haliwezi kurudi. Tena ni zito. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu kila sentimita 15, ndani paka silikoni kwenye pembe. Ukisikia hewa inapiga mluzi pembeni, boksi bado halijakwisha.

BesiNzito
Mzee shikamoo. Kwa MDF sikubaliani nawe. Studio nyingi wanatumia MDF kwa sababu haina mapengo ndani na haiitiki. Ukiipaka rangi vizuri kingo zote inadumu.

MzeeWaPlaiwudi
Marahaba mwanangu. Studio haipakiwi kwenye bajaji. Hili boksi litaangushwa, litamwagikiwa oili, litakaliwa na vijana wakisubiri gari. Skrubu ya MDF ikishatoka mara mbili tundu limekufa. Plaiwudi inashika.

LuthuliSound
Salamu kutoka Nairobi. Mimi huunda hizi na kuuza, vifaa natoa Luthuli Avenue. Naunga mkono bodi, lakini Spana ajue jambo moja: TPA3116 ukiipa volti 12 haina nguvu. Haipandishi volti kama ampli ya gari. Kwa volti 12 na omu 4 unapata kama wati 18 safi kila upande, zaidi ya hapo sauti inakwaruza. Kwa omu 8 ni nusu ya hizo. Watu huinunua, wanaiunga kwa betri ya pikipiki, halafu wanasema bodi ni feki. Ipe volti 24 utaona ni kitu kingine. Mimi huweka seli nane za LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu.

DadaVolti
Luthuli, hapo kwenye seli nane naomba tusimame. Seli moja ya LiFePO4 ikijaa kwenye chaja inafika volti 3.65. Mara nane ni 29.2. TPA3116 inatakiwa isivuke volti 26. Itakubali siku kadhaa, halafu siku moja utaiwasha chaja ikiwa imechomekwa na itakufa. Weka seli saba, haifiki hata 25.6 ikijaa. Au lithiamu za kawaida sita, zinaishia 25.2.

LuthuliSound
Ni kweli kwa TPA3116. Zangu nyingi ni TPA3255, hiyo inapokea hadi volti 53. Nilipaswa kutaja. Spana akitaka nguvu ya uwanjani aende huko, volti 36, kwa omu 4 anakaribia wati 150 kila upande. Betri za baiskeli za umeme ni za volti 36 na zinapatikana zikiwa zimetumika.

Kipanga_Moro
Hapo kwenye "zimetumika" ndipo nilipokuja kuandika.

Mdogo wangu ana karakana ya pikipiki hapa Morogoro. Alitaka kitu kama hiki cha Spana. Akapata muuzaji mtandaoni wa betri za lithiamu zilizofungwa tayari, seli ndogo zile za 18650, kila seli imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachotunza. Mimi nilimwambia kabisa kwamba seli ya saizi ile, hata iliyo bora, inaishia kwenye 3,500 hivi. Muuzaji akajibu kwamba hizi ni toleo jipya. Bei ilikuwa nzuri, akalipa.

Wiki za mwanzo ilipiga vizuri. Kisha ikaanza kuzima mapema, lisaa hivi muziki umekata. Tukaifungua. Seli zilikuwa za rangi moja kwa nje, lakini ukizipima kila moja ina volti yake, moja imeshuka chini ya 2. Ile bodi ya ulinzi, BMS, ambayo muuzaji aliapa kwamba ipo, haikuwepo. Palikuwa na waya mbili na gundi ya moto. Tukampigia, akasema tumrudishie, tutume kwa basi. Kabla hatujatuma, kijana wa pale karakana, ambaye hakuambiwa, akaichomeka chaji jioni ili Jumapili wawe na muziki, akafunga mlango akaenda kwao.

Jirani ndiye aliyesikia mlipuko wa kwanza. Seli zikawa zinalipuka moja moja, zinaruka. Boksi likashika, meza ikashika, kiti cha pikipiki ya mteja kikashika. Karakana ile ina dumu la petroli la kusafishia vifaa, lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Watu wa mtaa walimwaga mchanga na maji mpaka likatulia. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila nikipita pale. Mdogo wangu alilipa kiti, alilipa waya za pikipiki, na jina la karakana lilichafuka mtaani. Muuzaji alikwisha tuzuia namba.

Spana, gereji yako ina petroli, ina tina ya rangi, ina matambara ya oili. Sisemi usitumie lithiamu. Ila betri ambayo hujaona BMS yake kwa macho na hujapima seli kwa mita, isilale ndani ya gereji.

ChumaTupu
Pole sana ndugu Kipanga. Ndiyo maana mimi nabaki na betri ya maji. Hailipuki ovyo.

DadaVolti
Pole Kipanga, na asante kwa kuandika kwa kirefu.

ChumaTupu, betri ya maji nayo ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni. Ukiifunga ndani ya boksi la spika lisilo na tundu la hewa, cheche moja ya swichi inatosha. Chumba cha betri kitengwe na kiwe wazi. Halafu N70 ya gari ni ya kuwashia injini, bamba zake ni nyembamba. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Isivuke nusu, yaani ikipumzika isishuke chini ya volti 12.2 hivi. Kwa hiyo kati ya Ah 70 unatumia 35, na umebeba kilo 17 au zaidi. LiFePO4 ya Ah 50 ni kama kilo 6, unaitumia karibu yote, na kemia yake ni tulivu kuliko hizo za 18650. Iwe na BMS tu, na chaja yake yenyewe.

JiraniMwema
Samahani naingilia. Mimi naishi nyuma ya gereji, si ya Spana, ni nyingine. Mnavyohesabu desibeli kupanda juu, wenzenu tuna watoto wanaosoma na wagonjwa ndani. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, na NEMC, baraza la mazingira, wameshafungia kumbi na baa hapa mjini kwa ajili ya muziki. Ningeomba mtu aeleze jinsi ya kuelekeza sauti ndani ya gereji badala ya kuimwaga mtaani.

BesiNzito
Jirani, hoja yako ni ya haki. Weka spika upande wa wazi, zitazame ndani, zielekee ukuta. Twita za honi zinatupa sauti mbele, kwa hiyo uelekeo unasaidia sana kwa sauti za juu. Besi haielekezeki, hiyo ni kupunguza tu. Na spika mbili karibu na mafundi, sauti ya wastani, ni bora kuliko moja kubwa mbali.

Spana17
Asanteni wote. Sabufa naona niziweke kando kwanza. Nafikiria spika mbili za disko, boksi la mzee, na bodi. Nilichobakiwa nacho ni TPA3116 au hiyo 3255, na betri, maana laki tano naiona inaisha. Iliyokamilika ya dukani hakuna hata mmoja aliyeigusa, kwani ni mbaya?

LuthuliSound
Si mbaya zote, ila fungua moja uone. Nyingi zina betri ndogo ya risasi ya volti 12, Ah 4 au 7, plastiki nyembamba, na wati zilizoandikwa ni za PMPO, namba isiyo na maana yoyote. Ikiharibika bodi hupati ya kubadilisha.

ChumaTupu
Shemeji yangu anayo moja ya dukani, ni mwaka wa tatu huu, inapiga kila siku. Tusizidharau.

Nyota_Sola
Nimefuatilia kimya kimya. Mimi niko Bagamoyo, hatuna umeme shambani. Nikichukua hiyo LiFePO4 ya Ah 50 mliyoitaja, paneli ya wati 100 itaijaza kwa siku moja?

DadaVolti
Betri hiyo ni volti 12.8 mara 50, yaani wati-saa 640. Paneli ya wati 100 kwa jua la pwani, ukitoa upotevu, tegemea 400 hivi kwa siku nzuri. Kwa hiyo haitajaa kwa siku moja ikiwa umeimaliza kabisa, siku mbili itajaa. Lakini unapigia nini, ampli gani, na saa ngapi kwa siku? Na kontrola yako, ile inayokaa kati ya paneli na betri, ina chaguo la LiFePO4 au ni ile ya betri za maji tu?

Nyota_Sola
Ni ile ya bluu ya bei rahisi, ina kioo kidogo. Ngoja niipige picha.