Kadi za maili: ShebaMiles, Miles&Smiles, Skywards au Avios kwa anayekwenda Guangzhou na Istanbul?

KontenaDogo, Dar es Salaam

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili la kadi za maili, yaani ile mipango ya mashirika ya ndege inayokuandikia pointi kila unaposafiri, maana kila ninayemuuliza ananijibu "jiunge tu, ni bure". Kwamba ni bure nalijua. Nataka kujua nikazane na ipi.

Nina duka Kariakoo, nguo na vifaa vya simu. Guangzhou nakwenda hasa msimu wa Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara, ule unaoanza Aprili au wa Oktoba. Istanbul nafuata nguo, Laleli na Merter. Mama watoto ana ndugu zake Muscat, naye hachelewi kufunga safari. Tiketi nafuata bei: leo Ethiopian (ShebaMiles), safari ijayo Emirates (Skywards), nyingine Turkish (Miles&Smiles) au Qatar (Avios). Matokeo yake nina namba nne za uanachama, na kila moja ina vijimaili vya kuokoteza visivyonifikisha hata Addis.

Ninachotaka, kwa mpangilio: mzigo kwanza, maili zisinifie kwenye akaunti pili, tiketi ya bure mwisho. Launji wapewe wenye njaa.

Mzee_wa_Transiti

Emirates. Viti vizuri, Dubai unapita Deira unachukua mzigo wako, unarudi nyumbani. Mjadala umefungwa.

BintiMerter, Dar na Istanbul

Mzee, shikamoo, lakini mjadala ndio kwanza unafunguliwa. Skywards ni mpango mzuri kwa mtu ambaye Dubai ndiyo sokoni kwake. Tatizo Emirates haimo kwenye muungano wowote mkubwa wa mashirika ya ndege. Ina washirika mmoja mmoja, flydubai akiwa wa karibu kabisa. Hadhi yako ya Silver au Gold huko, yaani daraja lako la uanachama, ukifika kaunta ya Ethiopian pale Addis, ni picha tu ya kadi kwenye simu.

Kaka KontenaDogo, tazama njia zako. Guangzhou unapitia Addis, Istanbul unakwenda na Waturuki. Turkish wako kwenye muungano wa Star Alliance tangu 2008, Ethiopian tangu 2011. Maana yake huhitaji kadi mbili. Unachagua mpango mmoja kati ya hiyo miwili, na ndege za mashirika yote mawili unaziandikisha humo humo. Ukipanda Ethiopian unaweza kutoa namba ya Miles&Smiles, na ukipanda Turkish unaweza kutoa ya ShebaMiles. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani kadi ni lazima iwe ya ndege waliyopanda.

Sasa njoo kwenye mzigo, maana ndio uliouweka mbele. Ukifikia daraja la juu linalotambulika kama Star Alliance Gold, unapewa begi moja la ziada kwenye njia zinazohesabu mabegi, au kilo 20 za ziada kwenye njia zinazopima kwa kilo. Na unapewa kwenye shirika lolote la muungano, si lile lililokupa kadi peke yake. Kwa mfanyabiashara hiyo ndiyo pesa. Tiketi ya bure unaipata siku ukijaliwa, begi la ziada unalipata kila safari. Hizo jinzi kilo 23 zikija kama mzigo wa ziada, piga mwenyewe hesabu faida inabaki wapi.

Miles&Smiles inataka maili za hadhi (zile za kupandia daraja, si za kununulia tiketi) 40,000 ndani ya miezi 12 ili uwe Elite, ambayo ndiyo Gold ya muungano, na ukiipata unakaa nayo miaka miwili. Dar hadi Istanbul kwenda na kurudi ni kama maili 6,800. Dar, Addis, Guangzhou na kurudi ni kama 12,200. Tuseme mtu anakwenda mara mbili kila upande ndani ya mwaka: 38,000. Akiongeza safari ya Addis tu, amefika.

Ajenti_Mstaafu

Hesabu ya dada imenyooka, ila ni hesabu ya tiketi ghali. Nimekaa dirishani nikiuza tiketi miaka mingi, na jambo moja wateja hawaliulizi kamwe: herufi.

Kila tiketi ina herufi ya bei. Y, B, M, halafu zinashuka hadi zile za promosheni. Herufi hiyo ndiyo inayoamua maili, wala si kiti. Watu wawili wamekaa 32A na 32B, wamekula kuku yule yule, wamechungulia dirisha lile lile. Mmoja kaandikiwa maili zote za njia, mwenzake robo, na pengine yupo wa tatu pale 32C aliyeambulia sifuri kwa sababu tiketi yake haihesabiki kabisa kwenye mpango alioutumia.

Sasa KontenaDogo anasema ananunua kwa bei. Basi zile 38,000 zigawe kwa mbili, na siku nyingine kwa nne. Gold imekimbia.

Na kingine. Shirika kwa kawaida huwa na huruma zaidi kwa mwanachama wake kuliko kwa mwanachama wa mshirika. Tiketi ya bei ya chini ya Ethiopian, ukiiandikisha ShebaMiles, aghalabu utapata zaidi kuliko ukiipeleka Miles&Smiles. Kinyume chake pia. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kati ya Addis na Istanbul, unapita wapi zaidi? Huko ndiko kwa kuweka kadi.

KontenaDogo

Ajenti, hiyo herufi naiona wapi? Tiketi zangu ni karatasi moja ya PDF, sijawahi kuona cha kusoma zaidi ya saa ya kuondoka.

Ajenti_Mstaafu

Kwenye hiyo hiyo PDF. Tafuta mstari wa namba ya ndege na tarehe, karibu yake kuna herufi moja imekaa peke yake kama imesahaulika. Ndiyo hiyo. Kabla hujalipa mwambie ajenti wako akutajie, kisha ingia kwenye tovuti ya mpango wako, tafuta jedwali la mshirika husika, utaona herufi ile inalipa asilimia ngapi. Wakati mwingine tofauti ya bei kati ya herufi mbili ni ndogo kuliko nauli ya bajaji ya kukupeleka uwanjani, na maili zinaongezeka maradufu. Wakati mwingine tofauti ni kubwa mno, basi chukua ya bei rahisi na maili uzisahau.

Wa_Eastlands, Nairobi

Mbona hakuna mtu ametaja KQ, Kenya Airways? Ama tunajadili Tanzania pekee?

Mimi Guangzhou naenda na KQ kutoka Nairobi bila kupitia Addis wala Dubai. KQ iko SkyTeam, muungano mwingine, tangu 2010. Zamani maili zake zilikuwa zinaingia Flying Blue ya Air France na KLM moja kwa moja, siku hizi wana mpango wao, Asante Rewards. Lakini Flying Blue bado inakubali ndege za KQ, na mimi nimebaki huko kwa sababu nina dada Amsterdam na promosheni zao za kila mwezi huwa zinapunguza bei ya tiketi za maili kweli kweli.

Kitu cha kuchunga: kwenye ndege za Air France na KLM zenyewe, tangu 2018 Flying Blue hawahesabu umbali, wanahesabu euro ulizolipa. Mwanachama wa chini anapata maili 4 kwa kila euro. Ukinunua tiketi ya bei ya kutupa, unapata maili za kutupa. Ukipanda KQ ndiyo wanarudi kwa umbali na herufi, kama alivyosema mzee wa tiketi. Na maili zinaisha baada ya miezi 24 usipopanda ndege yao ama ya muungano. Wacha niseme ukweli, kwa mtu wa Dar anayetaka begi la ziada, sioni sababu ya kuhamia huku.

Mzee_wa_Transiti

Afadhali umekiri.

Sabalkheri, Muscat

Assalaam aleikum jamaani. Nimengojea mtu ataje Muscat nikaona mnaipita kama haipo.

Oman Air imeingia Oneworld, muungano wa tatu huo, Juni 2025. Kwa hiyo shemeji yetu, mama watoto, akija huku na Oman Air si lazima akusanye pointi za Sindbad, mpango wa Oman Air wenyewe, peke yake. Anaweza kuandikisha safari kwenye mpango mwingine wa Oneworld, na kwa watu wa pwani wa karibu zaidi ni Privilege Club ya Qatar. Hao tangu 2022 wanatumia Avios, sarafu ile ile ya British Airways, na Avios unazihamisha baina ya akaunti zako za mashirika hayo. Haziishi pia, almuradi ndani ya miezi 36 akaunti iwe imeingiza au imetoa kitu. Hata kidogo.

Kwa hiyo mimi ningesema nyumba moja, vikapu viwili: baba Star Alliance, mama Oneworld. Zile safari zako za Qatar nazo ziende kwenye Avios. Usizilazimishe kuingia mahali pasipokuwa pao.

BintiMerter, Dar na Istanbul

Sabalkheri kasema vizuri. Ila Avios kwa begi la ziada usitegemee sana kwa safari za mara moja moja, hadhi ya Oneworld nayo ina mlima wake. Hizo ni za kulia tiketi.

Mbeba_Theluji, Minneapolis

Salamu kutoka kwenye baridi. Naona KontenaDogo kaweka "maili zisinife" namba mbili, lakini wote mnazungumzia mipango ambayo maili zake zina tarehe ya kufa. United MileagePlus walifuta kuisha kwa maili mwaka 2019. Delta SkyMiles walifuta zamani zaidi, 2011. Kujiunga si lazima uishi Marekani. United ni Star Alliance, kwa hiyo Ethiopian yako inaingia. Delta ni SkyTeam, kwa hiyo KQ inaingia.

Faida nyingine ya United: tiketi ya maili kwenye ndege ya mshirika hawakubandiki nyongeza ya mafuta, unalipa kodi za viwanja tu. Hapa watu hushtuka. "Tiketi ya bure" ya baadhi ya mashirika ya Ulaya na Ghuba inakuja na tozo zinazokaribia nusu ya nauli. Ukianzia London ndiyo kabisa, kodi ya abiria ya Uingereza unalipa hata kama tiketi ni ya maili.

Ubaya: hadhi ya United kwa mtu anayekaa Dar ni ndoto ya mchana, maana lazima upande na ndege zao wenyewe pia. Sisi huku tunajaza akaunti kwa kadi za benki, American Express mathalani inahamishia pointi Delta na Flying Blue. Wewe huna njia hiyo, utategemea kupanda tu.

MamaWatotoWatano, Mombasa

Mie naongezea moja hamjaigusa. Jina. Kwenye pasipoti nina majina matatu, kwenye akaunti ya maili niliandika mawili. Shirika moja, silitaji, lilikataa kunipa maili za safari nzima ya Ulaya kwa sababu majina hayafanani, na mimi bodingi pasi nishazitupa. Barua pepe zikaenda zikarudi mpaka nikachoka. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na bodingi pasi zipigwe picha zikae kwenye simu mpaka maili zionekane. Zikikosekana unazidai, lakini kuna muda wa kudai, ukipita ndio imetoka hiyo.

KontenaDogo

Nimewasoma wote, nimetoa PDF zangu zote za mwaka jana nikazipanga mezani. Herufi zangu ni za aibu, Ajenti alisema kweli. Ila Addis nimepita mara nyingi kuliko Istanbul, kwa hiyo nahamia ShebaMiles na ndege za Turkish naziandikisha huko huko. Mama watoto anafungua Privilege Club leo. Gold sidhani kama naipata mwaka huu kwa tiketi hizi, lakini safari ya Oktoba nitamuuliza ajenti wangu herufi ya juu yake ni bei gani, tuone.

BintiMerter, Dar na Istanbul

Mimi ningekaa Miles&Smiles kwa ile miaka miwili ya Elite, lakini umepiga hesabu zako. Sawa.

Mzee_wa_Transiti

Na hizo maili za Skywards alizonazo azitupe? Hamna huruma.

Ajenti_Mstaafu

Asizitupe. KontenaDogo, umezaliwa mwezi gani?

KontenaDogo

Novemba. Kwa nini?

Ajenti_Mstaafu

Maili za Skywards zina umri wa miaka mitatu, na zinafutwa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Ingia kwenye akaunti sasa hivi uangalie zipi zinaondoka Novemba hii. Kama hazitoshi tiketi, wana utaratibu wa kulipa sehemu kwa maili na sehemu kwa pesa, kwa hiyo ukikata ya Dubai zitapunguza bei. Na kama mama watoto na watoto nao wana akaunti zao huko, fungueni akaunti ya familia, maili za safari zijazo ziingie kikapu kimoja.

KontenaDogo

Zipo 3,100 zinaondoka tarehe 30. Ngoja nimwamshe mama watoto anipe namba yake.