Naomba ushauri: simu za ofisi zimeingiliwa usiku, nifungeje?

Wakuu habari za muda huu, ofisini kwetu Kariakoo tunatumia FreePBX (programu ya kuendesha simu za ofisi kwa intaneti) na tulifungua poti 5060 (mlango wa simu za intaneti) kwenye ruta ili mabosi wapige simu za ofisi wakiwa nyumbani, sasa juzi asubuhi nacheki logi nakuta ekstensheni 101 (namba ya ndani ya ofisi) imepiga nje ya nchi usiku kucha, salio lote kwisha, na imeniuma sana maana paswedi niliiweka mimi, 101 hiyohiyo. Nimeshazima simu za kimataifa na kubadili paswedi zote. Fail2ban (programu ya kufungia wanaokosea paswedi mara nyingi) inafungia IP (anwani ya mtandao) moja zinakuja zingine. Nawaza niweke WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) kwenye simu za mabosi, halafu 5060 niiachie IP za wanaotupatia laini za simu tu, ila mzee mmoja ana simu ya mezani kwake haina VPN kabisa, huyo nimfanyieje jamani?