Tupeane uzoefu: safari ya familia nje ya nchi, unabeba kamera zipi za filamu?

Wakuu, salaam. Mezani nina kamera nne, na begi la mkononi lina nafasi ya mbili, tatu nikibana sana. Tunasafiri nje ya nchi mimi, mwenzangu, watoto wawili na mama mkwe ambaye magoti hayamruhusu kuharakishwa. Kamera zenyewe ni Nikon FM2 yenye lenzi ya 50mm, Yashica Mat 124G, Olympus mju II, na Instax Mini ya binti yangu, ile inayotoa picha papo hapo. Moyo unataka Yashica. Mwenzangu keshatangaza kwamba hasimami tena juani kunisubiri nipime mwanga. Waliowahi kusafiri na familia, mlibeba nini, na kipi kilirudi nyumbani bila kuguswa? Karibuni.

* * *

Mkuu, Yashica iache, na anayekwambia hivyo anaipenda kamera hiyo kuliko zote alizonazo. Mkanda wake wa filamu, ule mpana uitwao 120, unakupa picha 12 tu. Zikiisha, ufungue mgongo wa kamera, uhamishie kigurudumu kitupu juu, uvute karatasi mpaka mishale ikutane na alama, na hapo hapo mdogo anataka chooni. Halafu kuna hili ambalo wengi hatulisemi: ukimpa mpita njia akupigieni picha ya pamoja, anachungulia kwa juu, anaona kushoto kumekuwa kulia, anakurudishia. Matokeo yake familia inapata albamu nzuri ambayo mwenye kamera hayumo hata ukurasa mmoja.

Swali langu la kwanza nikipanga begi ni nani mwingine ataishika kamera hii. Lenzi inafuata baadaye.

* * *

Hapo kwenye mpita njia nakuunga mkono, ila kwa mama mkwe napinga. Mtu anayetembea polepole ndiye sababu ya kubeba Yashica! Wengine wakipanda ngazi za mnara, ninyi wawili mmebaki kwenye benchi. Unainamisha kichwa kuangalia kioo, hujamkazia macho, shata yenyewe (mlango unaoingiza mwanga) haina kelele, naye anaendelea na hadithi zake. Picha za mama yangu ninazozithamini nilizipata hivyo, kwenye viti vya bustani na vyumba vya kungojea treni. Siku za mizunguko kamera ibaki hotelini, siku ya mapumziko itoke.

* * *

Uzito wa hiyo siku ya mapumziko unaubeba safari nzima, mdau.

* * *

Mimi ni wa mju II. Inaingia mfukoni, haiogopi manyunyu, lenzi ya 35mm f/2.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ni kali, na yeyote anaweza kuipiga. Mambo mawili tu. Kila ukifunga kifuniko na kukifungua, flashi inarudi kwenye otomatiki, kwa hiyo kwenye jumba la makumbusho linalokataza flashi lazima uizime upya kila mara. Mfundishe mwenzako kitufe hicho kabla walinzi hawajamfundisha. Pili, inasoma ISO, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga, kutoka kwenye alama za kopo la filamu. Mkanda usio na alama inauhesabu kuwa ISO 100.

Betri yake ni CR123A. Beba ya akiba, na iwe begi la mkononi, si kwenye mizigo ya kukabidhi. Ila ujue ni mashine ya umeme ya mwaka 1997. Ikizima katikati ya safari, usitegemee fundi wa kuiamsha.

* * *

Ndiyo maana FM2 haina mjadala. Shata yake ni ya kimakanika mpaka kasi ya sekunde 1/4000, betri inaendesha kipima mwanga tu. Betri ikifa, juani unaweka f/16 na kasi inayokaribiana na ISO yako: filamu ya 200, basi 1/250. Unaendelea na safari.

Ushauri wangu ni kuiacha hiyo 50mm nyumbani. Kwenye chumba cha hoteli au kichochoro, 50mm inakulazimisha kurudi nyuma hadi ukutani ili watu watano waenee. Chukua 35mm au 28mm, zinaona pana zaidi. Mchana weka f/8, lenga mita tatu, halafu usahau kulenga. Watoto hawakusubiri wewe uzungushe lenzi.

* * *

Mnabishana lenzi wakati kazi iko uwanja wa ndege.

Mikanda yote ikae begi la mkononi. Mizigo inayokabidhiwa hupita kwenye mashine za mionzi mikali zinazounguza filamu. Pale wanapokaguliwa abiria, X-ray za zamani kwa kawaida hazidhuru filamu ya ISO 100 mpaka 400 ukipita mara chache. Tatizo ni mashine mpya za CT, nyingi zikiwa zile ambazo hulazimiki kutoa laptopu begini. Hizo zinapiga mionzi kutoka kila upande na zinaweza kuacha ukungu hata kwenye filamu ya ISO ya chini. Kodak na Ilford wote wanashauri filamu isipite humo. Na mkibadilisha ndege mnaweza kukaguliwa tena.

Mimi naitoa mikanda kwenye maboksi, naiweka kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, naomba ukaguzi wa mkono mapema kabla begi halijawekwa kwenye mashine. Marekani TSA, wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, wana utaratibu huo, ukiomba wanakagua kwa mkono. Kwingine inategemea ofisa uliyemkuta, kwa hiyo lugha ya upole na muda wa kutosha. Ukiwa na watoto, fika mapema zaidi. Ile mifuko ya madini ya risasi sina imani nayo. Ofisa akishindwa kuona kilichomo atakufungulisha begi tu.

Na kamera yenye mkanda ndani ni filamu pia. Umalize mkanda siku ya mwisho, uurudishe koponi, kamera ipite tupu.

* * *

Nyongeza ndogo: FM2 na mju II, zote za filamu ya 35mm, zitumie filamu ya aina moja. ISO 400 inatosha nje na ndani ya majengo, na filamu ya negativu inavumilia mwanga ukizidi kidogo kuliko ukipungua. Na kabla ya kuondoka, kila kamera ipige mkanda mmoja na usafishwe, mwanga kama unavuja uujue ukiwa kwenu.

* * *

Instax msiidharau. Pakiti ni picha 10, kwa hiyo mtoto anajifunza kuchagua mwenyewe. Kwa wenyeji wanaowapokea, picha inayobaki mikononi mwao siku hiyo hiyo inathaminiwa kuliko ahadi ya kutumiwa.

* * *

Mleta mada narudi. FM2 inakwenda na 35mm, mju II ni ya mwenzangu, Instax binti ataibeba kwenye begi lake. Yashica nimemuuliza mama mkwe mwenyewe. Kasema iletwe, ila aibebe mwingine. Bado tunajadiliana.

Mdau wa uwanja wa ndege, swali: Instax ikiwa na pakiti ndani, niitoe ili ikaguliwe?

* * *

Usiitoe! Ukifungua mlango wa nyuma, picha zilizobaki zinaungua. Filamu yake ni ISO 800, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuiombea ukaguzi wa mkono, ikiwa vile vile na pakiti yake. Vinginevyo binti amalizie pakiti kabla ya kutoka nyumbani, na nyingine aifungue mkifika.