Wana Mwanza wa kripto: ukifungua tovuti za bei, jicho linaanzia wapi? Tupeane uzoefu

Jiwe la Kamanga: Wakuu, habari za jioni. Hapa kijiweni Makoroboi kila mwenye bando anafungua CoinMarketCap au CoinGecko, ila ukiwauliza wanatazama nini, kila mtu na lake. Mmoja anatafuta rangi ya kijani, mwingine anasoma orodha kama msimamo wa ligi. Leteni uzoefu wenu. Wauza darasa la Telegram wakae pembeni.

Naanza mimi. Bei nairuka, naenda kwenye idadi ya sarafu zilizo kwenye mzunguko na zile ambazo bado hazijatoka. Watu wanasema, "Hii ni shilingi mbili tu, ikifika elfu moja nimetoka kimaisha." Zidisha kwanza hiyo elfu moja kwa sarafu zote zilizopo, uone kama hujaipita Bitcoin yenyewe! Bitcoin kikomo chake ni milioni 21. Kuna nyingine zina matrilioni.

Mama Dagaa: Mimi si mtu wa chati jamani. Niko Mwaloni Kirumba, na baadhi ya wateja wangu wa Kongo siku hizi wanataka kulipa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Sasa mtu ananionyesha kiwango cha shilingi kwenye tovuti, "Mama, bei si hii hapa?" Ile ni hesabu ya kubadilisha dola tu. Watu wa P2P, wanaouziana mtu kwa mtu, wana bei yao, na ya kununua siyo ya kuuza. Nafungua vyote viwili, naangalia nani ananunua kiasi kama changu na analipa kwa simu, ndipo nataja bei ya gunia. Mteja akinuna anune, dagaa hawakosi mnunuzi.

Fundi Simu Buzuruga: Mdogo wangu alikuja dukani na sarafu aliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Nembo safi, chati inapanda tu. Nikaandika jina CoinGecko, zikaja kadhaa za jina lilelile. Nikamwambia achana na jina, lete anwani ya mkataba, yaani ya programu inayoiendesha hiyo sarafu. Haikufanana na yoyote kati ya zile.

Tukaibandika DEX Screener, tovuti inayoonyesha bei na miamala ya sarafu hata hizi changa. Thamani ya soko imeandikwa dola milioni mbili na ushei. Ukwasi, dola mia tisa! Yaani hizo milioni ni bei ya mwisho iliyozidishwa kwa idadi ya sarafu, lakini pesa ya kukulipa ukiuza haifiki hata dola elfu. Nikamwonyesha na miamala: manunuzi yamejaa, mauzo ya kuhesabu kwa vidole. Dogo anashangilia kwamba watu hawauzi. Nikamwambia huenda hawawezi, maana kuna mikataba imeandikwa hivyo, unaruhusiwa kununua, kuuza kunagoma. Alinichukia kidogo. Sasa hivi akitumiwa kitu ananiletea anwani, jina halitaji tena.

Mvuvi wa Ukerewe: Huku mtandao ukisuasua TradingView, ile tovuti ya chati, haifunguki. Naweka kengele ya bei, simu ikilia ndiyo natazama. Ila wakati wa kuuza bei ya CoinMarketCap siitazami kabisa. Ile bei ni wastani wa masoko mengi ya mtandaoni ya sarafu, na wewe unauza kwenye soko moja.

Mkongwe wa Capri Point: Hapo kwenye wastani pana kisa. Januari 2018 CoinMarketCap waliondoa masoko ya Korea Kusini kwenye hesabu zao, kwa kuwa bei za kule zilikuwa juu kuliko kwingine. Wastani ukashuka ghafla, sarafu ya XRP ikaonekana imeporomoka, watu wakauza kwa hofu.

Halafu Desemba 2021 tovuti hiyohiyo ikapata hitilafu, bei zikasoma mabilioni. Jirani yangu alimwamsha mkewe usiku wa manane wakaanza kupanga viwanja vya Luchelele. Kulipokucha kila kitu kimerudi mahali pake. Shemeji anamwita Bilionea mpaka leo.

Na kiwango cha miamala msikimeze kizimakizima. Mwaka 2019 kampuni ya Bitwise iliieleza mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwamba karibu asilimia 95 ya miamala ya Bitcoin iliyokuwa ikiripotiwa ilikuwa ya uongo. CoinGecko wakaanza kuyapa masoko alama za uaminifu mwaka huohuo. Kumbukeni pia kwamba CoinMarketCap ni mali ya Binance, ambalo nalo ni soko la sarafu, tangu 2020, yaani mwenye duka ndiye anayepanga orodha ya maduka.

Mpita Njia: BoT (Benki Kuu) si walitoa tangazo 2019 kwamba hizi sarafu hazitambuliki nchini?

Jiwe la Kamanga: Walitoa, mkuu. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Hilo lifungulie uzi wake. Fundi, hayo manunuzi na mauzo unayaona wapi? DEX Screener yangu inaleta chati tu.

Fundi Simu Buzuruga: Toka kwenye chati uende kwenye taarifa za sarafu, kisha gusa hesabu ya saa 24 zilizopita. Ya dakika tano itakudanganya.