Umiliki katika lugha ya kubuni: kiambishi au a-unganifu?

Mchongalugha: Wakuu, nabuni lugha ya watu wa kisiwani kwa ajili ya hadithi yangu, na wiki hii lazima niifunge sarufi. Nimekwama kwenye umiliki. Kati ya lugha za kubuni zilizopo, nifuate Volapük, ambamo mmiliki hubandikwa -a (*dom fata*, nyumba ya baba), au Esperanto na kijineno chake *de*, kinachofanya kazi kama a-unganifu yetu (ile "cha" ya "kitabu cha mtoto")?

BintiNahau: Hujasema mambo makubwa mawili. Mmiliki anatangulia au anafuata? Na ngeli unazo? Bila hayo tunapiga ramli.

Kinuoni: Quenya, lugha aliyoibuni mwandishi Tolkien kwa hadithi zake, haina mpinzani. *Róma Oromëo* ni baragumu litokalo kwa Oromë, mhusika wa hadithi hizo. *Róma Oroméva* ni lililo mali yake. Sisi "picha ya Juma" yaweza kuwa aliyoipiga, aliyomo au aliyoinunua.

MzeeViambishi: Kinuoni, usimtie kijana tamaa. Niliwahi kubuni lugha yenye viambishi 14 vya uhusika, yaani vya kuonyesha nomino ina kazi gani katika sentensi. Mmiliki ana chake, kinachomilikiwa nacho kina chake. Nikataka kumwandikia binti yangu barua. Nilipofika "kisu cha babu wa mama yako" kalamu ikasimama: babu anamiliki kisu, naye ni wa mama, kwa hiyo anabeba viambishi viwili, na kipi kitangulie sikuwa nimeamua. Usiku mzima ukaishia kwenye sentensi moja. Barua nilimwandikia kwa Kiswahili. Viambishi 11 nilivitupa.

Kinuoni: Kosa si la viambishi, Mzee, ni la mpangilio.

BintiNahau: Tazameni Kiklingoni pia, lugha ya kubuni ya filamu za Star Trek: -wI' ni "-angu" kwa viumbe wanaosema, -wIj kwa vingine vyote. Ukikosea kwa mtu umemdharau.

Mwanapwani: Nasi tunacho chetu. Twasema mwanangu, mkewe, babake, lakini hakuna asemaye "kikombengu". Jamaa huungana na mwenyewe, kitu husimama kando.

MzeeViambishi: Na mbona mtoto *wangu* lakini baba *yangu*?

Mwanapwani: Kwa sababu baba kwa umbo yuko ngeli ya N. "Baba wangu" si sanifu.

Kinuoni: Kwetu ndivyo tusemavyo tangu utoto, na tunaelewana.

Mchongalugha: Samahani, nilikuwa safarini. Ngeli ninazo tano. Mmiliki anatangulia.

Mwanapwani: Ungeanza na hilo! Basi a-unganifu iache, utapata "mtoto cha kitabu".

BintiNahau: Si lazima aiache. Kihindi ndivyo kilivyo: *larke ka ghar*, nyumba ya mvulana, *larke ki kitab*, kitabu cha mvulana. Mmiliki mbele, na kiunganishi bado kinafuata jinsia ya kinachomilikiwa.

Kinuoni: Sawa, ila "baba wangu" bado hamjanijibu.