Seti ya Spider-Man ya Magic: hapa tunapigwa mchana kweupe

Wakuu, salaam.

Leo, Septemba 2025, mnivumilie, povu litanitoka. Seti (mkusanyo mpya wa kadi) ya Spider-Man ya mchezo wetu wa kadi, Magic: The Gathering, inaingia madukani tarehe 26 Septemba, mechi za uzinduzi zinaanza tarehe 19, kadi zinaanikwa moja baada ya nyingine, na kila nikishika simu asubuhi najiambia leo lazima watatoa kitu cha maana. Wapi! Tumeletewa njiwa wa mjini. Tumeletewa dereva teksi. Tumeletewa kadi inaitwa Bagel and Schmear, yaani kifungua kinywa cha watu wa New York, kwenye mchezo ambao tangu 1993 tumeuzoea kwa majoka, malaika na wachawi. Ikafuata Hot Dog Cart, mkokoteni wa soseji. Unalipa mana (ile nguvu ya rangi tano inayolipia kadi) tatu, unapata tokeni moja ya chakula, halafu mkokoteni unakupa mana ya rangi yoyote. Mana tatu! Kadi za kuzalisha rangi kwa bei hiyo zimejaa kwenye maboksi yetu ya kadi za bure, zile tunazowagawia watoto dukani.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Wewe humpendi Spider-Man." Nampenda, tena sana, katuni zake nimekulia. Kama wangemletea seti inayomstahili ningekuwa wa kwanza kupanga foleni. La pili: "Usipoipenda usinunue." Hili ndilo linalonichefua zaidi, na nitalijibu, ila kwanza tuelewane hii seti ni nini, maana naona wengi mnabishana bila kujua ilikotoka.

Hii haikuzaliwa seti kubwa. Wizards wenyewe, watengenezaji wa Magic, wamesema. Ilianza kama seti ndogo, ya mkumbo ule wa Aftermath ya Mei 2023, kadi 50 tu, pakiti yenye kadi tano, ambayo wachezaji waliikataa na madukani ikadoda. Assassin's Creed ya Julai 2024 ilikuwa ndugu yake, pakiti ya kadi saba, nayo haikwenda popote. Walipoona mtindo huo umebuma, Spider-Man ilikuwa tayari jikoni, wakaamua kuipanua. Mchuzi wa watu wanne wakauongeza maji, wakaalika kijiji.

Na maji yanaonekana. Seti kuu haifikishi kadi 200, wakati seti ya Final Fantasy ya Juni ilivuka 300. Kwenye drafti, yaani kuchagua kadi za deki kutoka pakiti zinazopitishwa mezani, tulizoea rangi tano kutupa jozi kumi, kila jozi na mbinu yake. Hapa zimetengenezwa tano tu. Na kwa sababu kadi hazitoshi kuendesha drafti ya watu wanane bila kuchosha, wakaja na Pick-Two: watu wanne mezani, kila mmoja anachukua kadi mbili kwa mpigo kabla ya kupitisha pakiti. Wanaitangaza kama zawadi kwa wale wasioweza kukusanya watu wanane. Sikatai, kwa marafiki wanne nyumbani ni jambo zuri. Lakini usinifiche kidonda kwa kitambaa cha hariri halafu uniambie nisifie hariri.

Sasa mbinu zenyewe. Kuna hii web-slinging: unaweza kumleta kiumbe wako kwa gharama nafuu endapo utamrudisha mkononi kiumbe wako mwingine aliyekwishalazwa, yaani aliyeshambulia au kutumika. Wakongwe mmeshaijua hiyo ngoma. Ni binamu wa ninjutsu, mbinu ya seti ya Kamigawa ya 2005, ila ninjutsu ilikuwa na utamu wa kumshtukiza mtu katikati ya shambulio. Mpinzani kaacha njia wazi akidhani anapigwa na kadude kadogo ka nguvu moja, mara ninja kamtokea usoni. Hii ya sasa unaifanya kwa utulivu, zamu yako, kila mtu anakuangalia. Buibui anayeruka ghorofa hadi ghorofa, ndiye mliyempa mbinu isiyo na mshtuko? Mayhem nayo, ya kucheza kadi kutoka kaburini (rundo la kadi zilizotupwa) kama umeitupa zamu hiyohiyo, ni mbinu ya madness ya 2002 iliyobadilishwa shati.

Niwe mkweli, zipo kadi nzuri. Spectacular Spider-Man, mana mbili, 3/2 (nguvu tatu, uhai mbili), mwenye flash, yaani unamleta hata zamu ya mpinzani, huyo atachezwa na mtu yeyote mwenye deki nyeupe. Na Soul Stone, moja ya yale mawe sita ya nguvu ya Marvel, ni mana ya kudumu kwa mana mbili, haivunjwi, walanguzi wameshaanza kuisaka hata kabla boksi halijafunguliwa. Ukisoma makisio yanayozunguka, kila mtu anahesabu mawe matano yaliyobaki kwamba yatatapakazwa kwenye seti nyingine za Marvel ili tununue zote. Mimi naona makisio hayo yana mantiki, na ndiyo maana yananitia kichefuchefu. Mkataba na Marvel ulitangazwa 2023 ukiwa wa seti nyingi na miaka mingi. Hii ni awamu ya kwanza ya deni.

Kingine, ma-Spider-Man wenyewe. Kuna Peter, kuna Miles, kuna Gwen, kuna wa 2099, kuna Noir, kuna Punk, kuna nguruwe. Kila mmoja shujaa wa hadithi, kila mmoja na maandishi marefu. Ukipanga viumbe watano mezani, mpinzani anainama kusoma kama anakagua mkataba wa pango. Watu walikisia mapema kwamba tungepata maadui wengi wazito kusawazisha, na kweli Venom na Green Goblin wapo, lakini seti nzima inazunguka mtu mmoja na mji mmoja. Ndiyo maana wakaishia kutupa njiwa. Ukimaliza mashujaa, ukimaliza maadui, New York imebaki na nini? Helikopta ya habari, treni ya chini ya ardhi na soseji.

Haya, bei. Pakiti ya kawaida ya seti zao wenyewe, kama Tarkir: Dragonstorm ya Aprili au Edge of Eternities ya Agosti, bei elekezi ni dola 5.49. Ya Spider-Man ni dola 6.99. Pakiti za Collector, zile za kifahari, zimepanda kutoka 24.99 hadi 37.99. Boksi la pakiti 30, piga hesabu mwenyewe: tofauti ni dola 45, zaidi ya laki moja ya Kitanzania, kwa seti yenye kadi chache zaidi na jozi tano pungufu. Unalipia jina. Na hiyo ni bei elekezi, ambayo huku mtaani inabaki kuwa elekezi kama ile ya mafuta kijijini. Duka ninalochezea mimi hapa Marekani, jina nalihifadhi, limepandisha boksi la oda ya mapema juu ya hapo, na ukiuliza unaambiwa "soko". Soko gani wakati bidhaa haijafika? Tangu Final Fantasy waone walanguzi wanavyogombania maboksi, kila mwenye duka anajiona mchumi.

Na hapo kwa Final Fantasy ndipo penye shina la ugonjwa. Chris Cocks, bosi wa Hasbro, kampuni mama ya Wizards, alisema seti ile iliingiza dola milioni 200 kwa siku moja. Seti ya The Lord of the Rings ya 2023 ilichukua takriban nusu mwaka kufika hapo. Mkubwa akishaona namba kama hiyo, nani atamwambia habari za njiwa? Lakini Final Fantasy iliuza kwa sababu ilifanyiwa kazi. Michezo ya video kumi na sita ikapewa heshima yake, kila mhusika akaguswa na mtu anayemjua. Ile kadi ya Vivi ilitamba mwaka 2025 kwenye Standard (mtindo wa mashindano unaoruhusu seti za karibuni tu), ikaungana na kadi ya Agatha's Soul Cauldron, tukaogopa kukaa mezani bila majibu yake. Juni 30 walifungia kadi saba kwa mkupuo na Vivi akapeta, ndiyo kwanza tukaambiwa tusubiri Novemba. Sasa juu ya fujo hiyo wanatumwagia seti nyingine. Edge of Eternities ina mwezi mmoja tu na ushee! Ilikuwa seti nzuri kuliko nilivyotegemea, anga za mbali, sayari, ile mbinu ya warp tamu kabisa, na hakuna hata aliyepata muda wa kuijua vizuri.

Turudi kwenye "usipoipenda usinunue". Zamani ningekubali. Lord of the Rings ilipokuja 2023 haikuingia Standard. Asiyeitaka alibaki na Standard yake, maisha yakaendelea. Oktoba 2024 kule Las Vegas wakatangaza kwamba kuanzia 2025 seti hizi za kuazima zinaingia Standard zote, na mwaka huo una seti sita, tatu zao na tatu za wageni: Final Fantasy, Spider-Man, kisha Avatar: The Last Airbender Novemba. Mimi nacheza Standard kila Ijumaa. Mpinzani wangu akija na Spectacular Spider-Man, mimi sina hiari ya kutomwona. Kama hiyo kadi ndiyo inafanya deki yangu ipumue, nitainunua, nipende nisipende, na wao watahesabu ununuzi wangu kama ushahidi kwamba nimefurahi. Hapo ndipo ninaposema tunapigwa. Mtu anayecheza kwa miaka hana kura, ana pochi tu, na pochi yenyewe wameibana kona.

Nyie mlioko nyumbani ndio mmechezewa rafu mbaya zaidi, na nashangaa mko kimya. Pakiti kufika Dar, Mwanza au Mombasa mpaka uwe na ndugu mwenye nafasi kwenye begi, kwa hiyo wengi wenu mnacheza Arena, Magic ya kidijitali, kwenye simu. Basi kwenye Arena Spider-Man hayupo kabisa. Haki za kidijitali hawana. Mtapewa kitu kinaitwa Through the Omenpaths: kadi zilezile, uwezo uleule, ila majina mengine na picha nyingine. Binamu yangu na mimi huwa tunajadili deki kwa simu, mimi na kadi za mkononi, yeye na Arena. Kuanzia mwezi huu nikimwambia "ongeza Spectacular Spider-Man mbili" itabidi kwanza atafute huko kwake anaitwa nani. Mpaka mashindano yakirushwa mubashara, mtoa maelezo atataja jina hili na wewe uliyejifunzia kwenye simu unajua jina lile. Hivi kweli kampuni yenye mabilioni ilikaa kikao, ikaona hili ni sawa, ikapiga makofi?

Kuna ndugu mmoja hapa amekisia kwamba picha za Omenpaths ndizo zitakazotoka siku moja kwenye karatasi, kwa ajili yetu tusiotaka mashujaa wa Marvel. Natamani. Zile nilizoona zinafanana na Magic kweli kweli. Chekesho ni kwamba toleo walilolitengeneza kwa kulazimishwa na wanasheria ndilo lenye roho ya mchezo, na toleo walilolilipia mamilioni ndilo lenye soseji.

Wengine mnasema tungoje Avatar, kwamba ile ilipangwa kubwa tangu mwanzo. Inawezekana. Na Januari 2026 inakuja Lorwyn Eclipsed, dunia ambayo hatujaigusa kwa seti nzima tangu 2008, hiyo nimeitengea hela tayari. Lakini mbona tumefika mahali pa kuruka seti kwa kuomba ijayo iwe nzuri? Na msiniambie habari za wageni wanaoletwa na seti hizi. Wageni nawapenda, nimewafundisha wengi. Mgeni aliyekuja kwa sababu ya Spider-Man, akafungua pakiti ya dola saba akatoka na City Pigeon, Taxi Driver na mkokoteni, atarudi kufanya nini?

Kwa upande wangu oda ya boksi nimeifuta. Mwenye duka kanuna, shauri yake. Uzinduzi tarehe 19 nitakwenda, kwa sababu washkaji wako pale na kiingilio nilishalipa, ila pakiti ya ziada sinunui hata moja. Spectacular Spider-Man nitatafuta nne mojamoja bei ikishashuka, na hela iliyobaki naimalizia deki yangu ya Mardu, ukoo wa nyekundu, nyeupe na nyeusi wa Tarkir. Mwenye kadi za Mardu anazotaka kubadilishana aje PM, nina Final Fantasy nyingi za kutoa, isipokuwa Vivi. Vivi siachii.

Nawasilisha.